Mikwaruzo kwenye Spika Zilizotumika: Ipi ya Kupuuza, Ipi ya Kuogopa

Mnunuzi wa spika zilizotumika hutanguliza macho kabla ya masikio, na hapo ndipo anapoweza kupotea. Kona iliyobonyea kidogo, rangi iliyochubuka au kitambaa cha mbele kilichochanika havina athari ya maana kwa sauti, kwa kuwa sauti hutoka kwenye koni inayosukumwa na koili, yaani waya uliozungushwa, iliyo ndani ya sumaku. Anayeikataa jozi nzuri kwa sababu hiyo anamwachia mwenzake kitu bora kwa bei nafuu.

Hata hivyo, si kila dosari ya nje ni ya urembo tu. Makasha mengi hutengenezwa kwa mbao za unga wa mti uliogandamizwa, ambazo zikinywa maji huvimba na kulegea; kitako kilichovimba, basi, kinatangaza kwamba unyevu ulishaingia, pengine hata kwenye waya. Kuba la twita (spika ndogo ya sauti za juu) lililobonyea linaweza kuharibu sauti nyembamba za juu, na likiwa la chuma ni vigumu kulirudisha katika umbo lake. Ukingo wa sponji unaoizunguka koni ya wufa (spika kubwa ya sauti nzito) huoza kwa umri, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 20, hata kama spika ilikaa kabatini bila kuguswa, ilhali ule wa mpira kwa kawaida hudumu zaidi. Sponji iliyooza si sababu ya kukimbia, kwani ukingo mpya hubandikwa. Ni sababu ya kushusha bei, mradi koili iwe salama. Isukume koni taratibu kwa vidole, kwa usawa pande zote: ukisikia inakwaruza ndani, iache.

Wanaothamini sura nao wana hoja ninayoikubali. Spika hukaa sebuleni miaka mingi na kutazamwa kila siku, na ikifika siku ya kuiuza, mnunuzi mwingine naye ataanza kwa macho. Usafi pia hudokeza kwamba mwenyewe aliitunza, ingawa dokezo hilo ni dhaifu: kasha linalong'aa linaweza kuficha kapasita (vipande vya umeme vya ndani) zilizokauka, au koili iliyoungua kwa amplifaya iliyozidishwa sauti hadi ikakata vilele vya mawimbi ya sauti. Ndiyo maana mimi hupiga wimbo mmoja ninaoujua vizuri, spika moja baada ya nyingine kwa sauti ileile, na tofauti yoyote kati ya hizo mbili hunishughulisha kuliko mikwaruzo yote ya kasha.