Sera ya akili mnemba ianzie kwenye mwalo wa dagaa

Mwanamke anayeanika dagaa Igombe au Kayenze, kando ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, anaishi kwa kusoma mawingu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, mitumbwi inaingia alfajiri, naye ananunua kwa ndoo, anawatandaza mchangani au juu ya vichanja na kuomba jua. Jua likiwaka mpaka jioni, anakusanya mzigo mkavu wa kupeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ambako wanunuzi wanafika hata kutoka Kongo. Mvua ikimkuta hajaanua, mzigo uleule unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku, na mtaji unakatika.

Huyu ndiye ningependa awe kipimo cha sera yetu ya akili mnemba (AI). Rwanda ilipitisha sera yake mwaka 2023. Umoja wa Afrika uliridhia mkakati wa bara zima Julai 2024, na Kenya ikazindua wake Machi 2025. Kwetu Tanzania mjadala unaendelea, na mara nyingi ninachosikia ni vituo vya ubunifu, kampuni changa na mafunzo ya kuandika programu. Siyapingi hayo. Kijana wa Nyegezi mwenye kipaji anastahili kompyuta, umeme wa uhakika na bando analoweza kulimudu. Ila kwa watu wengi wa ukanda huu wa ziwa, fursa iliyo karibu zaidi imo ndani ya kazi wanayoifanya leo. Sera ikiiruka kazi hiyo na kukimbilia ajira ambazo bado hazijazaliwa, itawafaa wale ambao tayari wana pa kushika.

Rudi kwenye mvua. Usiku ardhi inapoa kuliko maji, pepo za nchi kavu zinakutana juu ya ziwa na kuinua mawingu ya radi. Mchana mambo yanageuka, upepo wa ziwa unavuma kuelekea nchi kavu. Ndiyo maana Igoma inaweza kulowa wakati Kirumba watu wanatafuta kivuli, na utabiri wa mkoa mzima kwa siku nzima haumsaidii sana mwanikaji. Anachohitaji ni kujua kama mwalo wake, yaani ufuko anapoanikia, utanyeshewa ndani ya saa moja au mbili zijazo.

Jambo hilo linawezekana. Mwaka 2021 kampuni ya akili mnemba ya DeepMind na idara ya hali ya hewa ya Uingereza walionyesha programu iliyojifunza kwa picha za rada na kutabiri mvua mpaka dakika 90 mbele. Dakika 90 zinatosha kuanua! Na Mwanza tunayo rada ya hali ya hewa, mali ya umma, chini ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Sera ingetamka wazi kwamba takwimu za rada hiyo zifunguliwe kwa watafiti na vijana wetu bila malipo, kwa sharti kwamba kitakachotengenezwa kimrudie mwananchi bure, vijana hao wangepata kazi na mama wa Kayenze angeokoa mzigo. Mvuvi naye angejua mapema kama asukume mtumbwi au asubiri, na kwake hilo ni suala la uhai.

Sasa, taarifa itamfikiaje? Mkononi ana kitochi, si simu janja. Kwa hiyo simu iite, sauti ya mtu imwambie aanue. Iseme Kiswahili, na kwa anayetaka, Kisukuma au Kikerewe. Gharama isiwe yake: Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 ili huduma za mawasiliano zifike kusikolipa kibiashara. Mfuko huo unasaidia kujenga minara vijijini. Kugharamia sauti inayopita kwenye minara hiyo ni hatua inayofuata, na sioni sababu ya kuichelewesha. Watakaotoa sauti zao ili mashine ijifunze Kisukuma walipwe, na rekodi zibaki mali ya umma.

Kuna pia suala la mtaji, na hapa nina hofu zaidi kuliko matumaini. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, bado inapita mikononi mwa watu. Mikopo ya simu haiko hivyo. Programu inakupima na kukukatalia bila neno. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na leseni, kwa hiyo uwezo wa kudhibiti upo. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kutaka uamuzi unaomgusa sana usiachiwe mashine peke yake. Mwuza sato pale Mwaloni atajuaje kwamba ana haki hiyo, na adai kwa nani? Sera imlazimishe kila mkopeshaji kutaja sababu ya kukataa kwa Kiswahili cha kueleweka, na kuweka namba ya bure inayopokelewa na binadamu.

Kukusanya maoni ya sera hii kwa kujaza fomu mtandaoni hakutoshi. Wizara husika ilete viti na mkalimani wa Kisukuma Kayenze, saa nne asubuhi, dagaa wakiwa wameshatandazwa na akina mama wana nafasi ya kukaa na kusema.