Ni Kupachika Tu

Jamani, katika Kiswahili chote hakuna neno lililonila hela kama "tu". Herufi mbili. Zimenimaliza.

Nina pikapu, Land Cruiser ya 1987, ile mnayoiita mkonga. Imebeba dagaa wa Kibirizi, mawese, maharage ya Manyovu, majeneza mawili na bibi harusi mmoja, na haikuwahi kununa. Ndani yake kulikuwa na injini ya 2H, dizeli, silinda sita, lita nne kasoro kidogo, inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Mwaka jana ikaanza kutoa moshi mweusi, na asubuhi ikawa haiwaki mpaka uibembeleze. Nikaipeleka kwa fundi wangu pale Gungu, chini ya mwembe. Akafungua boneti, akasikiliza kidogo, akajifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Mzee, hii imekwisha. Tafuta 1HZ. Ndiyo mrithi wake tangu 1990, lita nne na ushee, nguvu inayo, spea zimejaa. Gari ni la ukoo uleule. Ni kupachika tu."

Hiyo ndiyo "tu" ya kwanza.

Injini ikaja kutoka Dar juu ya lori, imeviringishwa turubai kama mgonjwa. Mtumba wa Japani, safi kwa macho. Bei sitaji, mama watoto anasoma huku. Ile 2H niliiuza kwa bei ya chuma chakavu ili nilipe lori. Hilo lishikeni, nitalirudia.

Siku ya kupachika ikafika. Cheni bloku ikafungwa kwenye tawi, injini ikapanda, tawi likalia kwaa! Sote tukarudi nyuma, isipokuwa kijana wa fundi aliyekuwa chini yake akitafuta nati. Ikashushwa taratibu kwenye nafasi yake. Mauntingi hazikukaa. Vikalio vya chesisi vilikuwa vya 2H, miguu ya 1HZ inaangalia kwingine kabisa. "Ni kuchomelea vibao tu, mzee." Vikachomelewa. Ikaja zamu ya gia boksi. Gia boksi yangu ya zamani na injini mpya vikasogezwa vikutane, matundu ya bolti yakagoma kuonana. Kumbe lile bakuli linalofunika klachi, belihauzi, nalo ni la 2H. "Ni kutafuta belihauzi ya 1HZ tu." Wiki mbili. Ilipofika, klachi ya zamani nayo ikawa haina kazi. Nikaanza kuhisi kwamba sibadilishi injini, nanunua gari lingine kwa rejareja.

Nikalalamika. Fundi akakaa juu ya tairi, akaninyooshea kidole upande wa ziwani.

"Mzee, hivi unaijua Liemba? Imeundwa Ujerumani 1913, ikaja hapa Kigoma vipandevipande, ikaungwa. Ilikuwa ya mvuke ile. Miaka ya 1970 wakatoa mvuke wakaweka dizeli. Meli nzima! Sembuse kipikapu chako?"

Sikuwa na jibu siku ile. Jibu lilikuja usiku nimelala. Meli hiyo hiyo, mwaka 1916, Wajerumani waliipaka injini grisi kisha wakaizamisha kwa mikono yao wenyewe. Zamani nilikuwa nawashangaa. Siku hizi nawaelewa.

Tukaja kwenye umeme. Hapa nivumilieni, maana ndipo ninapoumwa. Injini yenyewe imetoka kwenye gari la volti 24. Gari langu ni volti 12 tangu kuzaliwa. Stata haitaki hata kusikia habari ya betri moja. Fundi akasema niongeze betri ya pili, tuziunge, zipatikane 24. Na taa? "Taa tutazichukulia kwenye betri moja tu." Kwa hiyo sasa taa, honi na redio vinanyonya betri moja, ile nyingine inachajiwa haina pa kupeleka. Moja inakufa kwa kazi, nyingine inakufa kwa kushiba. Mimi niko katikati nanunua zote mbili.

Halafu kuzima. 2H ilikuwa na kimota chake kinachovuta mkono wa pampu ukizungusha ufunguo. 1HZ haina hiyo habari, ina kivalvu cha umeme kwenye pampu: kikipata umeme dizeli inapita, ukikikatia injini inazima. Fundi hakuuona waya wa kutoka kwenye ufunguo. Akakipa umeme moja kwa moja kutoka betri, akasema hiyo ya muda tu. Matokeo yake, naweza kuzima, kuchomoa ufunguo, kuutia mfukoni, kushuka, kufunga mlango, na gari linaendelea kunguruma kama halinijui.

Njia ya kulizima ni moja: tia gia ya nne, kanyaga breki kwa nguvu zote, achia klachi. Litaguta, litatetemeka, litanyamaza. Na usiku nafungua terminali za betri kwa spana namba 10, la sivyo kile kivalvu kinanyonya mpaka asubuhi. Majirani wanajua nimerudi kazini wakisikia spana.

Mwezi uliopita tulikuwa na msiba Ujiji. Nimefika, wazee wamekaa kwenye mikeka, shehe ameinua mikono anaomba dua. Nikazima kwa ufunguo, kwa mazoea. Halikuzima. Watu wakageuka. Nikasema moyoni nimalize haraka, nikatia gia, nikakanyaga breki. Sasa breki zangu nazo ni za 1987. Nilipoachia klachi gari likaruka kama mbuzi aliyeona mvua, likagonga jiko, sufuria la maharage likaegemea upande, likafikiri kidogo, likalala. Dua ikakatika. Shehe akaniangalia, akasema, "Mzee, hebu liache liwake tu." Hata yeye!

Barabarani nako kuna yake. Trafiki akasimamisha, akafungua kadi: injini 2H. Akafungua boneti: 1HZ. Akaniangalia kama mtu aliyebeba mtoto asiyefanana naye. Ni haki yake, injini ikibadilika kadi nayo inatakiwa ibadilike, na hizo safari za ofisini nyingine ndefu zaidi ya za Kasulu. Na mkanda wa taiming je? 2H ilikuwa na gia za chuma huko ndani, unasahau. Hii ina mkanda, unabadilishwa kila kilomita 100,000. Nikamuuliza fundi umebakiza ngapi. "Nyingi tu." Saa yangu ya kilomita ilikufa zamani, na ya injini ilibaki Japani.

Juzi nikapakia bidhaa za dukani, nikaelekea Manyovu. Rejeta ni ile ya zamani, na kava la feni fundi alilikata kwa sababu halikuenea, kwa hiyo feni inapepea upepo wa kupotea. Mlimani geji ikapanda, mvuke ukatoka. Nikaegesha, nikatia gia ya nne, likaguta, likanyamaza. Nikakaa kwenye jiwe.

Nikasikia mngurumo kutoka chini. Mlio ule ningeujua hata usingizini. Ikatokea pikapu ya rangi ya maziwa, imejaza chumvi ya Uvinza mpaka juu, inapanda bila haraka, bila moshi. Dereva, kijana mdogo, akasimama. Akazungusha ufunguo. Ikazima hapo hapo. Kimya.

"Shikamoo mzee. Imechemsha?"

"Marahaba. Kijana, hiyo injini umeipata wapi?"

"Gungu, mzee. Niliinunua kwa kilo, chuma chakavu. Kuna mzee mmoja pale aliambiwa imekufa."

"Ukaifanyia nini?"

Akacheka.

"Vile vidude vya kupulizia dizeli. Nozeli tu."

Nikamwomba maji ya rejeta. Akanipa dumu la lita tano, akawasha mara moja, akapanda zake.