Kutoumwa kichwa si kupona presha

Asante mwandishi kwa kuligusa hili la watu kuacha vidonge vya presha na kuhamia kwenye maji ya kitunguu saumu na limau. Mama yangu mdogo wa Mbagala aliambiwa na jirani kwamba vidonge "vinazoeza mwili". Akaviacha. Wiki tatu nzima anatutangazia amepona, maana kichwa hakimuumi. Nilipompeleka kupima, mashine ikasoma 190 kwa 110, na yeye kakaa pale anajipepea kwa ncha ya kanga, hana dalili hata moja. Hapo ndipo penye hatari: presha hupanda kimya kimya huku inaharibu moyo, figo na ubongo. "Najisikia vizuri" si kipimo jamani! Kitunguu saumu kwenye mboga kuleni, sina ugomvi nacho. Ila anayekwambia kimemponya muulize: ulipima lini, ilikuwa ngapi, na vidonge ulikuwa bado unameza? Nimeuliza hivyo kwenye daladala, nimeuliza misibani, namba sijawahi kupewa. Mama mdogo karudi kwenye kidonge chake cha asubuhi. Anakiweka kando ya chupa ya chai asisahau.