Mkaa, gesi au umeme: hesabu ya sufuria la maharage

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Nguvu kubwa imeelekezwa kwenye mtungi wa gesi wa kilo 6. Gesi inafaa, lakini kuifanya jibu pekee ni kosa.

Anayetetea mkaa ana hoja nzito. Mkaa hununuliwa kwa kopo, kwa hela ya leo. Kujaza mtungi mdogo kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Tena mkaa huingiza fedha vijijini, na si lazima umalize msitu. Kilosa, mradi ulioanza 2012 uligawa misitu ya vijiji katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyovunwa kwa kupishana kama miraba ya drafti, ili visiki vichipue katika mzunguko wa miaka 24. Ila mkaa mwingi hautoki kwenye misitu ya namna hiyo. Tanuri la udongo lililopangwa ovyo, kuni mbichi na hewa ikipenya, hula kilo 8 hadi 10 za kuni kupata kilo moja ya mkaa, kisha jiko la bati hupoteza karibu robo tatu ya joto.

Gesi haina masizi na huivisha haraka. Lakini gesi ya mitungi yote huja kwa meli. Gesi asilia inayochimbwa nchini, Songo Songo na Mnazi Bay, ni methani karibu tupu, wakati mtungi unahitaji propani na butani. Bei ya dunia ikipanda au shilingi ikishuka, Mbagala wanarudi kwenye kopo.

Umeme unaogopwa kwa sababu watu wanaujua kupitia jiko la koili: wati 1,500 kwa saa mbili ni yuniti 3, zaidi ya shilingi 1,000 kwa bei ya kawaida pamoja na kodi. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 huivisha nusu kilo ya maharage kwa takriban nusu yuniti, maana ikishapata presha hujizima na kujiwasha kwa vipindi vifupi. Usiijaze maharage na maji kupita nusu, povu litaziba valvu. Mpira wa mfuniko ukilegea, mvuke hutoka na matumizi hupanda. Umeme ukishuka hadi volti 180, nguvu hubaki kama wati 600, kwa hiyo pika mchana, kabla ya msongamano wa jioni.

Kikwazo kikubwa kiko kwenye bei. Mteja wa kundi la D1, yaani kaya zinazotumia umeme kidogo, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, kabla ya kodi, hadi yuniti 75 kwa mwezi; zinazozidi ni shilingi 350. Friji, taa na televisheni huweza kufikisha 60. Presha kuka ikiongeza 15 hadi 30, kaya inaweza kuvuka mstari kwa sababu tu imeacha mkaa.

Kupandisha kikomo hadi 100 kutapunguza mapato ya TANESCO, na hilo si dogo. Lakini serikali tayari inatoa ruzuku kwa mitungi ya gesi ya kuagizwa, huku bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, likizalisha umeme wetu wenyewe. Sehemu ya ruzuku hiyo ielekezwe kwenye yuniti hizo 25.