Mfungashaji aliuliza

Waandishi wa programu huria wakigombana na wafungashaji, yaani wale wanaoandaa programu za wengine ziwe vifurushi vya kusakinishwa kwenye mfumo endeshi, haipiti muda kabla mtu hajaitaja OpenSSL, programu ya usimbaji wa siri, ya Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Kisa mnakijua: mfungashaji aliondoa mistari miwili ya msimbo, na tangu Septemba 2006 hadi Mei 2008 funguo za siri zilizotengenezwa kwenye Debian, na kwenye Ubuntu, mfumo endeshi uliorithi kifurushi hicho, zikawa za kukisiwa tu. Funzo linalotolewa ni lilelile kila mara: usiguse usichokiandika.

Ubaya wenyewe siupunguzi. Baada ya kiraka kile, yaani badiliko hilo la msimbo, kitu pekee kilichotofautisha ufunguo mmoja na mwingine ni namba ya mchakato, namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa, ambayo kwenye Linux kwa kawaida haikuzidi 32,768. Fikiria hilo. Kwa kila aina na urefu wa ufunguo, watu wote wenye mashine ya namna moja waligawana elfu thelathini na kitu. Mwizi mwenye subira angeweza kuzitengeneza zote mapema, kisha akazijaribu mlangoni moja baada ya nyingine. Hata seva isiyotumia Debian ilikuwa wazi iwapo ilimkubali mtumiaji mwenye ufunguo dhaifu. Na kusasisha programu hakukutosha, maana funguo zenyewe zilibidi zitupwe.

Ninachokataa ni kuambiwa kwamba hayo yote yalizaliwa na kiburi. Valgrind, chombo cha kusaka makosa ya kumbukumbu, kilikuwa kinailalamikia mistari ile. Mfungashaji akawaandikia watu wa OpenSSL: mnaonaje nikiiondoa? Tena alikiri kwamba hajui itaathiri vipi uzalishaji wa namba nasibu, zile za bahati nasibu zinazofanya ufunguo usikisiwe. Akajibiwa kwamba kama itasaidia kutafuta makosa, basi iondolewe. Jibu hilo linamfaa mtu anayechunguza programu yake mwenyewe. Swali lilitoka kwa mtu anayeandaa kifurushi cha kila mtu. Neno “kuondoa” lilikuwa moja, ila kila upande ulilisikia kivyake. Mambo yalipoharibika, mfungashaji akalaumiwa hata kwa kuuliza mahali pasipostahili. (Sijui mtu wa kujitolea angebisha hodi wapi tena.)

Waandishi nao wana kilio cha haki. Mwaka 2024 mfungashaji wa Debian aliipunguza KeePassXC, programu ya kutunza nywila, akaondoa uwezo wa mtandao na wa kuunganishwa na kivinjari, na toleo kamili akaliweka kando kwa jina la keepassxc-full. Hoja yake ya usalama ina uzito: msimbo usiokuwepo haushambuliwi. Lakini waliosasisha walikuta vitu vimetoweka, wakaenda kuwalalamikia waandishi wasiohusika. Hapo simtetei, na ukali wa majibu yake haukumsaidia.

Hata hivyo, mwandishi anapoliita toleo la Debian “la kale”, anasahau kwamba watumiaji wake walilichagua kwa sababu halibadilikibadiliki. Kazi ya kuchukua rekebisho la usalama la leo na kulishonea kwenye toleo ambalo mwandishi ameshaliacha hufanywa na mfungashaji, bila malipo, na haionekani mpaka siku ikikosewa.

Ni kweli kiraka cha OpenSSL hakikuwasilishwa rasmi kwa wenyewe wakikague. Ila hakikufichwa. Kilikaa ndani ya chanzo cha kifurushi kwa karibu miaka miwili, mahali ambapo yeyote angeweza kukisoma, waandishi wenyewe wakiwemo.