"Ami, Yangu Haina Kitu"

Nina kiduka cha fotokopi na kupiga chapa pale Mwembe Tayari, na nina swali moja kwa watu wa Mombasa: flashi zenye virusi ni za nani? Maana mwenyewe sijamwona. Kila aingiaye mlangoni, "Ami, yangu haina kitu, hii mpya." Mpya! Kifuniko hakipo, kichwa kimepinda, imefungwa uzi wa buibui. Naichomeka, antivirusi yaanza kulia. Mwenyewe ashtuka, arudi nyuma hatua moja, kisha anitazama kwa huruma: "Ami, hii mashine yako mbona ngonjwa?"

Wallahi.

Hebu tuifuate flashi moja. Asubuhi iko kwenye matatu ya Bamburi, yapiga muziki. Mpwa wa dereva aiomba, ana kazi ya chuo. Huyo naye ampa jirani aliyeiazima kwa picha za harusi kule Majengo. Jirani aipeleka saiba, saiba airudisha na picha zote pamoja na wageni wasioalikwa. Ikifika kwangu imeingia nyumba nyingi kuliko kungwi, lakini ni "mpya".

Siku hizi kinachotamba ni kile kirusi cha njia za mkato, "shortcut". Mama afungua flashi, akuta kila folda ina kamshale pembeni na uzito wa kilobaiti moja au mbili. Yowe! "Picha za binti yangu zimekwenda!" Hazijaenda popote, mamangu. Kirusi kimezificha, kikaweka mshale wenye jina lile lile. Ukibofya, folda yafunguka kweli, wewe waona picha, wafurahi. Nacho kwa nyuma chajinakili ndani ya kompyuta, na kila flashi itakayochomekwa baadaye yapata fungu lake. Naandika amri ya attrib, mafaili yaonekana, nakifuta kile kirusi chenyewe, kwisha. Shilingi hamsini. "Hamsini kwa kubonyeza tu?" Na yowe lile je, lilikuwa la bure?

Zamani hata kubofya hakukuhitajika. Flashi ilikuwa na faili lake, autorun.inf, ukichomeka tu kirusi chaweza kujianzisha chenyewe. Windows 7 ilipokuja ikaukataa mchezo huo, na mwaka 2011 Microsoft ikawafungia mlango na wenye Windows XP ya zamani. Ukabaki mlango mmoja: kidole cha mteja wangu.

Halafu kuna mjuzi wa barazani. Huyu akishapata kahawa tungu na kashata, atakueleza kuwa virusi huletwa na joto la pwani. Joto! Basi kirusi cha Stuxnet, kilichogunduliwa 2010 baada ya kuharibu mashine za nyuklia za Iran kule Natanz, nacho kililetwa na kaskazi? Mashine zile hazikuwa hata kwenye intaneti. Kirusi chenyewe kilijua kusafiri kwa flashi, na kuifungua tu folda ukaziona ikoni kulitosha. Na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, wenye manowari zao, Novemba 2008 ilipiga marufuku flashi jeshini kwa sababu ya kirusi. Mimi nimkataze nani? Nikikataza wavuka barabara, jirani awapigia chapa na kuwaongezea virusi bila malipo.

Nikisema, "Nitumie kwa barua pepe," nenosiri limesahauliwa. "Kwa WhatsApp basi." Bando limekwisha, na ati nimuwashie hotspoti. Kwa chapa ya shilingi kumi!

Jana kaja mzee mmoja wa heshima zake, kanzu imepigwa pasi ikasimama, ataka ratiba ya madrasa. Nikamwambia, "Shekhe, niruhusu niikague kwanza." Uso ukabadilika. "Wanishuku mimi?" Nikamwambia simshuku yeye, naishuku flashi. Nikaichomeka, kioo kikajaa wekundu mtupu, orodha yateremka haina mwisho. Kavaa miwani, kasogea, kasoma polepole kama asomaye majina ya waliofaulu.

"Hivi si vyangu," akasema. "Vya kijana wangu wa Kisauni."

"Nivifute?"

"Vifute." Kavua miwani. "Lakini tahadhari, usinifutie qaswida."