"Ulijitakia mwenyewe" si jibu la hospitali

Mdogo wangu alitoka kwa daktari macho mekundu, cheti amekikunja mkononi. Ndani, mbele ya wagonjwa waliokuwa wanasubiri sindano, nesi alikuwa amemwambia: "Sasa dada, si ulijitakia mwenyewe? Vumilia." Daktari akanyamaza, akamwandikia panadol, akaita mgonjwa mwingine. Nina hasira tangu siku ile.

Mdogo wangu aliongeza matiti mwaka jana, nje ya nchi, kwa pesa yake. Anayetaka kujadili kama mwanamke afanye hivyo au asifanye atafute pengine. Mimi nazungumzia maumivu, tena maumivu ya upande mmoja, yaliyobaki baada ya upande wa pili kutulia zamani.

Chini ya titi la kushoto panawaka moto. Moto ule unapanda kuelekea kwapani, halafu ghafla unageuka shoti ya umeme inayoishia kwenye chuchu, na kinachoiamsha ni kitu kidogo tu, upindo wa kanga ukipita juu yake. Ngozi iliyozunguka kovu ina ganzi, ukiigusa hasikii, na hapo hapo juu yake sidiria haivumiliki. Analala chali, mito mgongoni. Kwenye daladala hawezi kunyoosha mkono kushika bomba la juu, kwa hiyo anaacha magari yapite hadi lipatikane lenye siti, na kazini anachelewa. Kukuna nazi ameacha kabisa. Kifuko chake cha silikoni kimewekwa chini ya msuli wa kifua, na ukisukuma nazi kwenye mbuzi msuli huo ndio unaofanya kazi. Kila ukikaza unakikandamiza kifuko.

Nyumbani watu waliambiwa alitolewa uvimbe kwenye kizazi, kwa kuogopa maneno. Sasa mama anashangaa kwa nini mtu aliyepasuliwa tumbo anashindwa kuinua ndoo kwa sababu ya kifua. Siri hiyo inamchosha kuliko anavyokiri, maana kila msaada anaouomba lazima kwanza autungie sababu.

Hakuna ajabu yoyote ya kitabibu hapa. Mishipa ya fahamu ya titi inatokea katikati ya mbavu, na ule unaohudumia chuchu kwa kawaida unapita chini ya ubavu wa nne. Daktari anapotengeneza nafasi ya kuweka kifuko, mshipa unaweza kuvutwa, kuchubuka au kukatika. Ukianza kupona unapona polepole, na wakati unapona unatuma moto, mwasho na umeme. Kwa wengi hali hii huisha ndani ya wiki au miezi. Kwa baadhi haiishi, na hao nao ni wagonjwa. Tena mwili wenyewe hujenga utando wa kovu kukizunguka kifuko. Kwa baadhi ya wanawake utando huo hukaza, titi likawa gumu, likapanda juu na kubadilika umbo. Madaktari wanaupanga ukazaji huo kwa madaraja manne, na la nne ndilo lenye maumivu. Vifuko vya kwanza vya silikoni viliwekwa Houston, Marekani, mwaka 1962. Zaidi ya miaka 60 imepita, hivyo hakuna mtumishi wa afya aliyesomea kazi yake anayepaswa kushtushwa na mwanamke anayesema kifua chake bado kinauma.

Hatari ya lile jibu, mbali na udhalilishaji, ni kwamba linafunga uchunguzi kabla haujaanza. Maumivu ya kifuko yanaweza kuwa mshipa unaopona. Yanaweza pia kuwa maambukizi, maji yaliyojikusanya, kifuko kilichopasuka, au utando unaokaza. Utajuaje ni lipi kama hukumvua nguo ukamtazama? Ufaransa mwaka 2010 vifuko vya kampuni ya PIP viliondolewa sokoni baada ya kuonekana vinapasuka kupita kiasi, na ikabainika vilijazwa silikoni ya viwandani isiyoruhusiwa kwa matibabu. Mwenye kampuni alihukumiwa kifungo. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni vifuko vyake vya Biocell vyenye uso wa mikwaruzo, dunia nzima, kwa sababu ya saratani ya nadra inayoanzia kwenye ule utando. Dalili yake kubwa ni titi kuvimba, mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji. Ikigundulika mapema, wengi hupona kwa kutolewa kifuko pamoja na utando wake. Sasa mwambie mwanamke mwenye uvimbe wa namna hiyo "ulijitakia" leo, uone kama atarudi kwako mwezi ujao. Atakaa nyumbani na panadol yake.

Halafu nijibiwe hili. Mwanamke aliyekatwa titi kwa saratani akawekewa kifuko kile kile, chini ya msuli ule ule, akaumia vile vile, nani atamwambia avumilie? Hakuna, na ni haki yake. Kijana aliyevunjika mguu kwenye ndondo anafungwa plasta bila kuulizwa nani alimtuma uwanjani. Mshipa wa fahamu haujui mwenye mwili aliingia chumba cha upasuaji kwa sababu gani.

Nakubali, shingo upande, kwamba hospitali zetu zimezidiwa na foleni ya siku ile ilikuwa na watu mahututi kuliko mdogo wangu. Nakubali pia kwamba maumivu mengi ya aina hii huisha yenyewe. Lakini kumtazama mtu kifua na kumuuliza maswali hakuhitaji mashine. Na wagonjwa hawa wataongezeka, maana upasuaji wa kurekebisha maumbile sasa unafanyika hata hapa nyumbani. Hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wameanza.

Madalali wa safari za matibabu nao wana lao. Wanakutumia picha za kabla na baada, bei ya kliniki, hoteli na gari la kukupokea uwanja wa ndege. Miezi inayofuata haimo kwenye bei. Marekani, tangu Oktoba 2021, mamlaka ya chakula na dawa imeamuru kila mgonjwa apewe orodha ya hatari aisome na kuisaini kabla ya kupasuliwa, na onyo kwamba vifuko hivi si vya maisha yote. Mdogo wangu alisaini karatasi kwa lugha asiyoijua, asubuhi ya upasuaji, akiwa tayari amevaa gauni la hospitali. Huko si kumpa mtu hiari.

Tumeshampata daktari mwingine. Huyu alimtaka ashike kiuno na kukandamiza ili aone msuli unavyokivuta kifuko, akapita na ncha ya kidole kwenye ukingo wa titi hadi mdogo wangu akaruka, akasema "hapa ndipo". Akaagiza ultrasaundi, maji hayakuonekana. Akampa dawa ya mishipa ya fahamu ya kunywa usiku na kumpeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Maumivu yamepungua, hayajaisha, na daktari amesema yasipotulia itabidi wafikirie kukitoa kifuko. Kabla ya hapo anataka kadi yake, ile inayoonyesha aina, ukubwa na namba ya kifuko. Mdogo wangu hakuwahi kupewa. Dalali hapokei simu, kliniki ya huko imejibu mara moja tu kwamba wanatafuta jalada. Tunaendelea kuwaandikia.